Mwenyekiti wa Akina Jean-Pierre

Chama kilikuwa na sharti moja tu la kujiunga: uwe unaitwa Jean-Pierre. Si Jean peke yake, wala si Pierre peke yake. Pierre mmoja aliwahi kuja na keki, akarudishwa mlangoni, keki ikabaki. Uwe Mrundi, uwe Mkongo, uwe Mhaiti aliyepotea njia akajikuta Fort Worth, maadamu kitambulisho chako kinasema Jean-Pierre, karibu ndani, kiti hicho hapo. Na mtu aliyelitunga sharti hilo, akalisimamia kwa ukali kuliko mlinzi wa benki, yaani Mwenyekiti mwenyewe, hakuwa Jean-Pierre.

Hilo nalijua mie, ambaye hata uanachama sikustahili. Mie ni mwanamke, Mwislamu, mtu wa Tanga, na watu huniita Mama Saumu. Nilikuwa nikikaa mlango wa tatu kutoka kwake, kwenye yale magorofa ya Fort Worth wanakopelekwa wakimbizi wakishuka tu kwenye ndege. Sisi hatukuwa wakimbizi, tulikuwa pale kwa sababu mume wangu alikuwa bado anasoma na kodi ilikuwa nafuu. Mwenyekiti alinifanya mwandishi wa mikutano kwa sababu mbili, akazitaja mbele ya watu wote: nina mwandiko unaosomeka, na nina gari linaloingia highway bila kutetemeka. Sikuulizwa kama nataka.

Alivyonisimulia, chama kilizaliwa kwenye ghala la vyombo vya jikoni, zamu ya asubuhi, ambako kulikuwa na Jean-Pierre watano. Msimamizi wao, mama mmoja wa Kiteksasi mwenye roho nzuri na haraka nyingi, akiita jina moja vinageuka vichwa vitano na kazi inasimama. Siku moja akachukua kalamu ya wino mzito akawaandika mgongoni, kwenye zile fulana za rangi ya chungwa: JP 1 mpaka JP 5. Mwenyekiti akawa JP 4.

"Nne," aliniambia miaka baadaye, bado linamuuma. "Mimi niliyewafundisha wote kufunga boksi."

Saa ya chakula akawakusanya wenzake wanne mbele ya microwave, wakaunda chama. Azimio la kwanza lilikuwa namba zifutwe. Yule mama alisikiliza, akaomba radhi kwa moyo mweupe kabisa, akafuta namba, akaweka herufi: A mpaka E. Mwenyekiti akapata D. Aliniambia waliuhesabu ule kuwa ushindi, ila wa nusu.

Kwetu Tanga mtu mliyeshirikiana jina ni somo wako. Wao walisema wajina, na kwao wajina si jambo la kuchekeana njiani tu. Wajina wako anaweza kuingia kwako bila hodi, akala sahani yako, akamtania mkeo. Mtoto wako akibatizwa, yeye yupo mstari wa mbele. Ukifa yeye ndiye anayekushikia taa, kwa sababu ni kama anazikwa yeye. Kwao Burundi hayo yalikuwa mambo ya watu wawili watatu kwenye kilima kimoja, ndicho kijiji chao. Mwenyekiti aliyachukua akayawekea katiba.

Na alipenda katiba, jamani! Kiswahili chake alikipata kambini Kigoma, na nadhani alikipata kwa kusikiliza matangazo, maana alizungumza kama afisa tarafa. Hakusema "tule," alisema "tuingie kwenye kipengele cha chakula." Alifungua mkutano kwa kugonga glasi na kijiko, hata mkiwa watatu sebuleni kwake mmekaa kwenye kochi moja. Neno lake kubwa lilikuwa "hilo liingie kwenye kumbukumbu." Mtu akikohoa kwa muda mrefu, pole zikatolewa, hilo liliingia kwenye kumbukumbu. Nina madaftari manne ya mwandiko wangu mwenyewe yaliyojaa vikohozi vya Warundi.

Lakini daftari lenyewe, lile kubwa, halikuwa langu. Lilikuwa lake, jalada jeusi, na juu ameandika WAJINA MASHUHURI. Humo ndimo walimoingizwa Jean-Pierre waliolitukuza jina. Kulikuwa na Jean-Pierre mfanya usafi wa hoteli Dallas, aliyeokota pete ya mgeni kwenye shuka akamkimbilia nayo mpaka maegesho. Kulikuwa na Jean-Pierre wa malori, miaka tisa barabarani bila kugusana na gari la mtu. Kulikuwa na padri, na kipa mmoja wa zamani wa huko Bujumbura ambaye hakuna aliyemwona akidaka isipokuwa Mwenyekiti. Kuingia kulihitaji mashahidi wawili. Kutoka kulihitaji kosa moja. Jean-Pierre wa malori alitolewa alipomwacha mkewe, akafutwa kwa rula, mstari mmoja mnyoofu. Walipopatana akaandikwa upya, lakini ukurasa wa nyuma.

Akiona Jean-Pierre kwenye televisheni, awe waziri wa Ufaransa au mpishi wa Kanada, anainuka kitini. Ananigongea mlango. "Mama Saumu, kuna wajina anahojiwa. Njoo umsikilize, utwambie kama anasema mambo ya maana." Namsikiliza waziri wa watu anazungumzia bei ya ngano, kwa Kifaransa, ambacho sikijui. Nasema anaonekana mtu mzima. Linaingia kwenye kumbukumbu.

Kwa kuwa wote walikuwa Jean-Pierre, ilibidi kila mmoja awe na mkia. Katibu alikuwa Jean-Pierre Forklift, kwa sababu aliendesha ile mashine ya kuinulia mizigo ghalani, na mwisho hata mkewe alimwita Forklift. Alikuwepo Jean-Pierre Kwaya, aliyeimba besi. Alikuwepo Jean-Pierre wa Sugar Land, kule chini karibu na Houston, huyo ni nesi mwenye nyumba kubwa na nyasi zilizokatwa, na wengine walimwita daktari, naye hakuwakatalia. Yeye tu, mwenyewe, hakuwa na mkia. Alikuwa Mwenyekiti, basi.

Nimseme pia kwa mabaya, asije akaonekana malaika. Alikuwa mbishi. Alipaka nywele rangi nyeusi ya kutisha, na ukimtazama kichwa anakwambia ni maji ya Texas. Alipiga pasi shati la kwenda kubeba maboksi. Aliendesha gari maili thelathini na tano kwa saa popote, na highway hakupanda, alipita barabara za pembeni, taa kwa taa, akifika kanisani wakati watu wanatoka, na akilaumu padri kwa kuharakisha. Na hakuvumilia uongo hata kidogo. Kijana mmoja alimwambia msimamizi anaumwa ili akaangalie mpira, Mwenyekiti akamwita kikaoni, akamsimamisha dakika arobaini. "Umelipaka jina matope," alimwambia. "Hilo jina si lako peke yako."

Mie nilicheka moyoni siku ile. Nilidhani ni majivuno ya mzee asiye na mke wala mtoto, kajitafutia ukoo wa kuuongoza. Akina mama wa kanisani walikuwa wamemletea wachumba, wajane wazuri tu, wenye kazi zao. Aliwapokea kwa heshima, akawapa soda, akawarudisha kwao. Tulisema ana maringo.

Halafu akaja na fomu ya uraia. Ilikuwa mwaka wa pili tangu nimjue, Jumamosi asubuhi, Saumu wangu yuko na simu yake kwenye kochi. Mwenyekiti akatandaza karatasi mezani kwangu, akaweka kalamu mbili, moja ya akiba. Alikuwa na dada yake mkubwa, huko Kasulu, aliyeolewa na Mtanzania akabaki. Macho ya dada yalikuwa yanazimika, la kushoto limeshakwenda. "Nataka nimwone kabla hajaacha kuniona," alisema. Alikuwa amekaa Amerika miaka kumi bila pasi ya kusafiria, na sikuwahi kuelewa kwa nini. Watu waliokuja nyuma yake walishaapa na kupiga picha na bendera.

Tukajaza vizuri. Anwani, kazi, urefu. Tukafika pale wanapouliza majina mengine yote uliyowahi kutumia tangu kuzaliwa. Nikasoma, nikataka kuandika hakuna. Akanishika mkono wa kalamu, mtu ambaye hata salamu alitoa kwa kuinamisha kichwa tu.

"Ngoja kwanza," akasema. Akamtazama Saumu.

"Saumu, nenda chumbani."

"Why?"

"Nenda."

Akaniambia. Kambini alikuwa akilala hema moja na kijana wa rika lake, Jean-Pierre. Miaka sita, hema moja, sufuria moja. Kijana yule hakuwa na ndugu, faili lake lilikuwa la mtu mmoja. Siku moja Jean-Pierre alichoka, akaamua kurudi Burundi kwa miguu, hakumuaga mtu ila yeye, na kadi yake ya mgao akamwachia. "Kula unga wangu," alimwambia. Kadi za wakati ule hazikuwa na picha. Siku ya tatu kipaza sauti kikaita Jean-Pierre fulani, aje na kadi. Mwenyekiti akachukua gunia lake, akaenda.

"Nilisimama kwa ajili ya unga, Mama Saumu. Nilikuwa na gunia mkononi."

Hawakumpa unga. Walimkalisha kwenye kiti mbele ya mzungu na mkalimani, wakamuuliza baba yake nani, mama nani, alikimbia kutoka kilima gani. Akajibu yote, ya Jean-Pierre, kwa sababu alifikiri wamebadilisha utaratibu wa mgao, na miaka sita mtu unamjua mwenzako mpaka jina la mbuzi wao. Walipompiga picha ndipo alipoelewa anapelekwa Amerika. Alitaka kusema. Nyuma yake mstari umefika kisimani, mkalimani anamfokea asogee. Akasogea. Baadaye wiki zikapita, na kila wiki kusema kukawa kugumu zaidi, na faili lake mwenyewe likafungwa kwa maelezo kwamba mhusika amerejea nyumbani kwa hiari.

Nilitaka kucheka, wallahi, kwa ajili ya lile gunia. Halafu nikamwona uso, nikaona haya. Nikamuuliza, na wale wajane je? Akasema hangeweza kumpa mwanamke jina lisilo lake, watoto wakalirithi, ikawa wizi usiokwisha. Alikuwa ameazima, akasema, na kitu cha kuazima unakirudisha kikiwa safi. Yule Jean-Pierre wa kweli hakupata kusikika tena. Kwa hiyo yeye alikuwa akilitunza.

Nilikwenda kwa mwanasheria mmoja aliyekuwa akisaidia watu bure kwenye ukumbi wa kanisa, nikajifanya nauliza kwa niaba ya rafiki. Akanitazama mie na hijabu yangu nikisema habari za Jean-Pierre, akaweka kalamu chini. Alisema rafiki yako akisema ukweli anaweza kupoteza kila kitu na kurudishwa, na akidanganya huku ameapa ni kosa jipya juu ya la zamani. Mwambie asijaze chochote. Nikauliza na karatasi nyingine za kusafiria, je? Zote, akasema, zina swali hilohilo.

Mwenyekiti alikunja fomu yake mara nne. Mwaka huo mume wangu akapata kazi, tukahamia Sugar Land, na nilidhani jambo limeishia hapo. Halikuishia. Dada yake alikuwa anampigia kila Jumapili, na kila Jumapili giza lilikuwa limeongezeka machoni mwake.

Mwaka uliofuata ukafanyika mkutano mkuu, kwenye gereji ya Jean-Pierre wa Sugar Land, magari yametolewa nje, viti vimeazimwa kanisani. Wanachama kumi na saba. Wa Fort Worth walishuka asubuhi kwa gari mbili, saa nne na nusu njiani, Mwenyekiti amekaa mbele amefumba macho. Nikafungua daftari. Kipengele cha nne kilikuwa Taarifa ya Mwenyekiti.

Akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Waheshimiwa wajina," akasema, "mimi si Jean-Pierre."

Mmoja akacheka, akadhani ni utani wa kuchangamsha kikao. Hakucheka wa pili. Akawaeleza yote, na gunia lake. Akasema anajiuzulu, na Jumatatu anatuma fomu yake na jina lake la kuzaliwa ameliandika, liwe liwalo, kwa sababu dada yake anamsubiri.

Katibu, Jean-Pierre Forklift, alikuwa amekaa karibu na ukuta. Akanyoosha mkono akabonyeza kitufe, mlango wa gereji ukaanza kushuka, polepole, na kelele zake, sote tunautazama mpaka ukagusa chini.

"Mwenyekiti," akasema, "ukiandika hivyo watauliza. Watafungua mafaili ya kambi ile, moja moja."

"Wayafungue."

"Langu limo."

Mwenyekiti hakuelewa upesi. Forklift akalazimika kusema tena, kwa Kirundi, akitazama sakafu. Kabla hajamaliza, Jean-Pierre Kwaya naye akainua mkono, nusu tu, kama mtoto asiye na hakika ya jibu. Yeye alikuja kwa kadi ya binamu. Halafu mmoja wa Dallas akaanza kulia bila kusema kitu, na hakuna aliyemuuliza. Sikuthubutu kuinua kichwa kwenye daftari.

Jean-Pierre wa Sugar Land, aliyebatizwa kwa jina hilo na cheti anacho kwenye fremu, akatutazama mmoja mmoja. "Bon," akasema. "Kwani humu ndani Jean-Pierre ni nani?"

Tukacheka. Mungu anisamehe, tulicheka mpaka Kwaya akashika ukuta, kicheko cha watu waliobeba kitu miaka mingi wakadhani wamekibeba peke yao. Mwenyekiti tu hakucheka. Alikuwa amesimama vilevile, anamtazama Forklift. Kicheko kilipokwisha akagonga glasi.

"Mama Saumu. Hili lisiingie kwenye kumbukumbu."

Nilishaandika ukurasa mzima. Nikauchana, nikampa, akautia mfukoni. Akasema kipengele cha tano, mchele wa sherehe, nani analeta. Wakajadili mchele kwa nusu saa, kwa makini sana.

Walipokuwa wakiondoka nilimfuata garini. Nikamuuliza, na dada?

"Forklift ana watoto wanne," akasema. "Mmoja ameanza darasa la kwanza." Akafunga mkanda. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani, nikarudi ndani nikakunja viti vya watu kwa fujo mpaka mwenye nyumba akaniomba nipumzike.

Dada alikufa mwaka wa barakoa. Forklift ndiye aliyenipigia. Mume wangu akasema watu wakae majumbani, na kwa kweli alikuwa na haki, lakini nilichukua gari nikapanda ile highway namba arobaini na tano, barabara tupu, lori na mie, lori na mie, mpaka Dallas, nikakata kwenda Fort Worth.

Hakuniruhusu kuingia ndani. Alishuka maegesho na viti viwili vya kukunja, akaviweka mbali, nafasi ya gari moja katikati. Alikuwa amevaa suti na barakoa. Na nywele zilikuwa nyeupe zote, ameacha rangi. Nikampa pole. Nikamwona mdogo, na roho iliniuma.

Alihudhuria mazishi kwa simu, akasema. Mpwa wake alishika simu, na muda mwingi aliona bega la mtu. Ulipofika wakati wa ndugu wa marehemu, wakatangaza: mjomba Jean-Pierre, aliyeko Marekani. Watoto wa dada walikuwa wakimwita hivyo miaka yote. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha, kwa usalama, wasije wakasema jingine mbele ya watu. Dada peke yake ndiye aliyemwita jina lake. Alikuwa akiwafukuza watoto ukumbini kwanza, anashusha sauti, ndipo analisema.

"Kila Jumapili," akasema. "Mara moja, mwanzo wa mazungumzo. Sasa hakuna anayelijua."

Mwanamke mmoja alipita na kapu la nguo akielekea chumba cha kufulia.

Akainama mbele kidogo akaniambia jina lake. Ni jina la Kirundi, fupi, alilopewa na bibi yake, na maana yake akanieleza. Sitaliandika hapa, na nyote mnajua kwa nini.

"Niite," akasema.

Nikaliita, taratibu. Hakuitika.

"Si hivyo. Hivyo ndivyo dada alivyokuwa akiniita kwa simu. Niite kama mtu anayeitwa kula."

Nikasimama. Nikavuta barakoa chini ya kidevu, nikaliita kwa sauti yote niliyotoka nayo Tanga, mpaka yule wa kapu akageuka na dirisha moja juu likafunguliwa. Mwenyekiti akainuka kitini haraka, kama mtu aliyechelewa, akaitika.